Kuficha mkono au kuuonyesha: njia tatu za kuandika hadithi fupi kuhusu msanii

Neno lenyewe ndilo linaloanza kututega. Ukiwa ndani ya uzio wa TaSUBa, chuo cha sanaa hapa Bagamoyo, usanii ni kazi ya heshima. Watu wanausomea, wanapewa vyeti. Ukitoka ukafika stendi, ukamsikia konda anamwambia mwenzake "acha usanii bwana", maana imeshageuka: acha kunizuga. Neno ni lile lile na hakuna anayechanganyikiwa. Kwa hiyo ukiandika hadithi kuhusu mchongaji, mpiga ngoma au mchoraji, msomaji wako anakaa mkao wa kuona ufundi, na papo hapo anakaa mkao wa kupigwa changa la macho.

Vijana wanaoniletea miswada yao hukwama hapo. Mmoja anataka hadithi isomeke kama hakuna aliyeiandika, mambo yaende yenyewe. Mwingine anataka kujitokeza, aichezee hadithi, amwambie msomaji waziwazi kwamba haya nayatunga. Wa tatu anaona wote wawili wanamwonea msanii, heri apewe mdomo asimulie mwenyewe. Nimejaribu njia zote tatu. Moja iliniaibisha mbele za watu, nitaieleza.

Ili tusilinganishe hewa na hewa, tuchukue kisa kimoja cha kubuni tukipitishe kote. Sefu anachonga vinyago uani kwa babu yake, si mbali na Mtaa wa India. Babu ni mchongaji wa siku nyingi, macho yamechoka. Mgeni ameagiza kinyago cha mpingo, na Sefu hana mpingo. Anachukua gogo la mwembe, anachonga vizuri kabisa, kisha anakipaka kiwi nyeusi ya viatu. Kisa ndicho hicho, hakuna zaidi.

Tutapima kwa nini

Mambo matano. Kwanza imani: msomaji anaombwa aamini nini, na nani anamwomba. Pili mkono: kazi yenyewe ya msanii inaonekana kiasi gani, tezo, patasi, msasa, jasho. Tatu sauti. Nne mwisho, maana hadithi fupi ikikosea mwisho hakuna sura inayofuata ya kuja kuiokoa. Tano, inaoza vipi. Kila njia ina namna yake ya kuoza, na ukiijua mapema utainusa.

Kuna kigezo kimoja nimekiacha nje makusudi: "uasilia". Watu hukipenda, wanasema hadithi fulani ni ya asili na nyingine ni ya kuigiza. Kwenye sanaa ya kwetu hicho ni kipimo kinachoteleza. Vile vinyago vya shetani ambavyo wageni huviona kama kitu cha tangu enzi na enzi, mtindo wake ulizuka Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1950, na anayetajwa kuuanzisha ni Mmakonde mmoja, Samaki Likankoa. Una umri wa mzee anayeketi barazani leo, basi. Ukianza kupima hadithi kwa uasilia, utajikuta unalinda kitu ambacho wachongaji wenyewe walikibadilisha bila kuomba ruhusa ya mtu.

Njia ya kwanza: kuficha mkono

Hii ndiyo wengi huiita uhalisia. Mwandishi hajitokezi. Kisa chetu kinaweza kuanza hivi:

Sefu alichovya kitambaa kwenye kopo la kiwi, akakipitisha mgongoni mwa kinyago mara moja, mara ya pili. Babu alikuwa kwenye kigoda, ananoa tezo. Hakuinua uso.
"Hiyo itakauka saa ngapi?"
"Jioni, babu."
"Na mgeni wako anakuja saa ngapi?"
Sefu alikigeuza kinyago, kikatazama ukuta.

*Imani.* Hakuna aliyetaja uongo, hata neno mpingo halijatajwa. Msomaji anaamini kwa sababu haombwi kuamini. Anasikia harufu ya kiwi, na swali la pili la babu linamchoma kabla hajajua kwa nini. Njia hii ikienda vizuri, msomaji anajiona ameketi pale uani na hakuna aliyemkaribisha.

*Mkono.* Hapa ndipo penye kazi, na hapa ndipo nilipoaibika. Miaka kadhaa nyuma niliandika hadithi ya mpiga ngoma. Aya ya kwanza niliipenda mno: jamaa anafika uwanjani usiku, anaivuta ngoma yake, anaanza kupiga, watu wanafurika. Nikamsomea mtu anayepiga ngoma kweli. Alinisikiliza hadi mwisho kwa adabu zake zote, akauliza jambo moja tu: "Na ngoma ameipasha saa ngapi?"

Usiku wa pwani una unyevunyevu. Ngozi hulegea, ukipiga unasikia kama unapiga mto wa kulalia. Inabidi makuti yawashwe, ngoma isogezwe karibu na moto lakini si karibu sana, izungushwe, ijaribiwe kwa kiganja, irudishwe tena motoni, hadi sauti ikaze. Wakati huo wote watu wanasubiri, watoto wanachezea cheche, wapigaji wanataniana. Mle ndani ya dakika zile za makuti ndimo hadithi yangu ilimokuwa. Niliiruka kwa kuwa sikujua kama ipo.

Basi ukichagua kuficha mkono wako, mkono wa msanii hauna pa kujificha. Lazima ujue kwamba mpingo una kiini cheusi kinachoelekea zambarau na pembeni una rangi ya krimu, kwamba ni mgumu kiasi cha kula makali ya chuma, kwamba kipande cha kiini ukikitia kwenye ndoo ya maji kinazama. Hutaandika yote hayo. Ila babu wa Sefu anayajua, na akikishika kinyago cha mwembe kiganja chake kitamwambia kabla ya macho. Mzee asiyeona vizuri anayepima uzito kwa mkono: hicho kitendo kimoja kinatosha ukurasa mzima, na hukipati kwa kuwaza tu mezani.

*Sauti.* Sentensi fupi, Kiswahili cha mazungumzo. Jihadhari na methali kinywani mwa mzee. Sijui nani aliwaambia waandishi wetu kwamba mtu akifika miaka sabini hawezi kuomba chai bila methali. Wazee ninaokaa nao huzungumzia bei ya sukari.

*Mwisho.* Njia hii ina kishawishi cha fumanizi: mgeni anarudi saa saba mchana, jua limewaka, kiganja chake cheusi, shati limechafuka, watu wanajaa. Fumanizi lina utamu wake, lakini linamgeuza Sefu kuwa mshtakiwa na msomaji kuwa hakimu, na hadithi inaishia polisi. Mimi ningeishia mapema, pale babu anapokiweka kinyago chini na kurudi kunoa tezo. Wengine hawatakubaliana nami hapa, wana haki yao.

*Inapooza* inageuka postikadi. Jahazi, mnazi, mlango wa nakshi, Boma la Wajerumani, magofu ya Kaole, vyote ndani ya aya moja, ilhali Sefu hana shughuli yoyote Kaole. Mwenyeji hatazami mlango wa nakshi. Anaufungua, anaingia ndani.

Inamfaa nani? Mwandishi mwenye muda wa kukaa na mafundi, na asiyeumia kukata alichojifunza. Haimfai anayeandikia mbali kwa kumbukumbu ya safari moja.

Njia ya pili: kuonyesha mkono

Hapa msimulizi yupo, anajulikana yupo, na anacheza. Kisa kile kile:

Hadithi hadithi! Itikieni basi. Alikuwepo kijana na kinyago chake cha mwembe. Nimesema mwembe? Ngoja, niseme mpingo. Mmeona? Kimekuwa kizito mikononi mwenu sasa hivi, na mimi kopo la kiwi sijalifungua.

*Imani.* Angalia kilichotokea. Msimulizi amemfanyia msomaji kile kile ambacho Sefu anataka kumfanyia mgeni, tena amekifanya mchana kweupe. Msomaji anacheka, kisha anajishika: mbona nimekubali? Swali la ukweli na uongo halizungumzwi tena ndani ya hadithi, linatendeka.

Wapo wanaodhani uchezaji huu tumeuazima kutoka kwa watu wa mbali. Hapana. Msimulizi wa kwetu akiita "hadithi hadithi", kitikio kinajulikana: hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea. Wasikilizaji wenyewe ndio wanaouita uongo uje. Hakuna mkataba ulio wazi kuliko huo kati ya anayetunga na anayesikiliza, na ulikuwepo kabla ya mtu yeyote kuchapa hadithi fupi gazetini.

*Mkono.* Mkono unaoonekana zaidi ni wa msimulizi. Maelezo ya tezo na patasi yanaweza kupungua, lakini yale machache yatakayobaki lazima yafanye kazi mbili. Uzito wa mpingo kwenye kipande cha hapo juu si maelezo ya mti tu, ni mtego. Ukiweka undani usiogeuka kuwa mtego, unaning'inia.

Njia hii inapata chakula kingi pale kisa chenyewe kinapohusu kuiga. Fikiria wachoraji wa tingatinga. Edward Saidi Tingatinga alichora kwa miaka michache tu, kwenye vipande vya hadibodi, kwa rangi za kung'aa zinazopakwa baiskeli, akafariki mwaka 1972. Leo picha zinazobeba jina lake zimechorwa na watu ambao wengi hawakuwahi kumwona. Chui yule yule, madoa yale yale, kazi ya mkono mwingine. Ni ya bandia? Aliyefundishwa na mwanafunzi wa mwanafunzi wake anaiga, au anaendeleza? Hadithi inayoficha mkono italazimika kumtafuta mhusika wa kuuliza swali hilo kwa mdomo, na litasikika kama semina. Hadithi inayocheza inaweza kuchora chui mmoja aya ya kwanza, kumrudia aya ya tatu kwa maneno yale yale isipokuwa moja, na kumwacha msomaji alitafute lile lililobadilika.

Hata jina la mji wetu limekaa kihadithi. Wapo wanaosema ni bwaga moyo, kwamba waliotekwa utumwani walipofika hapa waliiacha mioyo yao kabla ya kuvushwa bahari. Wapo wanaosema ni wapagazi waliotoka bara na pembe za ndovu mabegani, wakafika pwani, wakatua mizigo, moyo ukapumzika. Maneno ni yale yale, machozi kwa mmoja, pumzi kwa mwingine. Waongozaji wa watalii wana yao wanayoipenda, na nadhani mnajua ni ipi inayoleta bakshishi. Msimulizi anayeonyesha mkono anaweza kuzitoa zote mbili na kumtazama msomaji usoni.

*Sauti.* Inataka sikio. Kama hukukulia kwenye hadithi za jioni au hujawahi kusimama mbele ya watu ukawachekesha, sauti hii itatoka kama mtu anayejichekesha mwenyewe. Isome kwa sauti. Pale ulimi wako unapojikwaa, msomaji naye atajikwaa.

*Mwisho.* Rahisi kuanza, ngumu kufunga. Msimulizi aliyecheza muda wote akifika mwisho hana pa kutokea: akiendelea kucheza tunachoka, akiacha ghafla na kuanza kulia tunadhani ni mchezo mwingine. Namna moja niliyoona ikifaa ni msimulizi kunaswa na kiwi yake mwenyewe. Anataka kutuambia jambo moja la kweli kuhusu babu, jambo dogo tu, na hatumwamini tena.

*Inapooza,* Sefu anakuwa mwanasesere. Tunacheka na mwandishi, tunasahau kwamba kuna kijana aliyekaa uani na gogo la mwembe kwa sababu hana fedha ya mpingo. Nimesoma hadithi za namna hii zilizojaa werevu, na nilipomaliza sikukumbuka hata kama mchongaji alikuwa na mama.

Inamfaa mwenye ulimi, na mwenye kisa cha kuiga, kughushi, kutapeli au kurithi mtindo wa mwingine. Haimfai anayeandika juu ya msiba uliotokea jirani. Kuna mahali watu hawataki kuchezewa.

Njia ya tatu: kumpa msanii mdomo

Hapa nitapita haraka, maana sehemu kubwa ni mchanganyiko wa zile mbili.

Wanasema mimi tapeli. Haya. Yule mama alitaka kitu cheusi, nikampa kitu cheusi. Masikio ya kile kinyago nilikesha nayo siku mbili. Kiwi haichongi masikio.

*Imani* hapa ni ya mahakamani: tunamsikiliza mtu anayejitetea, na tunapima. Anaweza kuwa mkweli juu ya masikio na mwongo juu ya yote mengine. *Mkono* unapatikana bure, kwa kuwa msanii husema kazi yake bila kuieleza. "Kiwi haichongi masikio" imebeba fani nzima. *Mwisho* mara nyingi hujileta, mtu akimaliza kujitetea hunyamaza.

Shida yote iko kwenye *sauti*. Sefu angekuwa mjukuu wa Mmakonde aliyetoka kusini, Kiswahili cha babu yake hakitakuwa cha mrima, yaani cha pwani hii, na mwandishi wa mjini atashawishika kukivunjavunja ili "kisikike". Usifanye hivyo. Vichekesho vya jukwaani vimeshawachosha Wamakonde kwa lafudhi za kubandika. Mpangilio wa maneno na mambo anayoyaona yatamtambulisha vya kutosha. Upande wa pili kuna kosa la kumfanya msanii aongee kama wewe: mchongaji anayesema "sanaa ni kioo cha jamii" amekufa pale pale. Maneno hayo ni ya risala.

Nina mfano wa karibu. Chuo cha sanaa kilianzishwa hapa mwaka 1981, na tangu wakati huo vijana wa kila upande wa nchi wanakuja kujifunza ngoma za watu wengine. Binti wa Kihaya anaweza kucheza sindimba ya Wamakonde ukadhani amezaliwa Newala. Ukimwandika kwa njia ya kwanza utauona mwili wake. Kwa njia ya pili utalichezea swali la ngoma hiyo ni ya nani. Ukimpa mdomo, pengine hatazungumzia asili kabisa. Atakuambia magoti yanauma, kwamba mwalimu anataka kiuno kishuke zaidi, na kwamba nyumbani bibi yake akiona video atauliza kwa nini anacheza ya watu ilhali ya kwao hajaimaliza. Mimi nisingeyawaza hayo. Ndiyo faida ya njia hii, na ndiyo sharti lake: lazima uwe umemsikiliza mtu.

*Inapooza* inakuwa hotuba. Inamfaa mwenye sikio la mazungumzo na mwandishi ambaye anajijua kwamba akiachiwa nafsi ya tatu huanza kuhukumu.

Sasa, kwako wewe

Kama kisa kimetokea kweli, na mhusika yu hai, na mji ni mdogo kama huu wetu, njia ya kwanza itamfichua hata ukibadilisha jina. Watu watamjua kwa kigoda chake. Hapo njia ya pili inampa mtu heshima ya kivuli, kwa kuwa kila mmoja anajua umetunga.

Kama hujawahi kushika tezo na huna namna ya kukaa na anayeishika, usianze na ya kwanza. Anza na ya pili, umfanye msimulizi naye awe mtu asiyejua, akisie na kukosea mbele yetu. Kutojua kukiwa wazi kunasomeka. Kukifichwa, mpiga ngoma mmoja atakuuliza kuhusu makuti.

Kama unaandikia shindano au gazeti lenye nafasi ya maneno elfu moja na nusu, ya tatu ndiyo inayobeba zaidi kwa nafasi ndogo. Ya kwanza inataka upana kidogo ili ukimya wake ufanye kazi.

Kama hadithi itasomwa kwa sauti, iwe redioni, darasani au jukwaani wakati wa tamasha, ya pili haina mpinzani karibu, ila watu waitikie kweli. Usiwaandikie wasikilizaji kitikio halafu usiwape nafasi ya kukitoa.

Na kama bado umekwama, andika ile aya ya kiwi mara tatu kwenye karatasi moja, kila njia mistari kumi. Nenda nayo jioni kwa mtu anayechonga, msalimie, kaa, msomee zote tatu bila kumwambia zinatofautianaje. Usimuulize ipi nzuri. Atakuambia zote nzuri ili uondoke aendelee na kazi. Tazama ni wapi anaacha kupiga msasa.